Jicho Moja, Bei Mbili

Usidhani, ewe msomaji, kwamba kitu cha bei nafuu lazima kiwe kimeundwa kwa mali hafifu. Tazama habari za kampuni ya Nikon ya Japani. Mwezi wa Agosti 2007 ilitangaza kamera iitwayo D3, iliyokusudiwa wapiga picha wa magazeti na wa michezo, na bei yake huko Marekani ilikuwa dola 4,999. Sifa yake kubwa ilikuwa kile kipande kipokeacho nuru mahali pa filamu, ambacho kilitoa picha safi hata penye nuru haba. Haukupita mwaka mzima: Julai 2008 ikatangazwa D700, kwa dola 2,999, nayo ilikuwa na kipande kile kile. Kwani kukibuni kuna gharama kubwa. Kikisha kubuniwa, yafaa kiuzwe kwa wengi.

Basi tofauti ilikuwa wapi? D3 ilikuwa na nafasi mbili za kadi, D700 moja. D3 ilipiga picha 9 kwa sekunde, D700 picha 5. Lakini hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: mnunuzi wa D700 aliyeongeza kishikio na betri yenye nguvu zaidi alipata picha 8. Wepesi huo ulikuwamo tayari ndani ya kamera. Aliufaidi yule aliyelipa tena.