Tafsiri na lugha ya kwanza katika ufundishaji wa Kiingereza

Maana. Lugha ya kwanza ni lugha ambayo mtoto huipata nyumbani kabla ya kuanza shule. Isichanganywe na lugha ya kufundishia. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, Kimwera ni lugha ya asili ya wenyeji wengi, ingawa wapo watoto wanaokua na Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967; kuanzia kidato cha kwanza nafasi hiyo hushikwa na Kiingereza. Hivyo, mtoto wa Mkotokuyana aliyekua na Kimwera hukifikia Kiingereza akiwa amekwisha kuvuka lugha nyingine.

Inaposaidia. Kwa jina la kitu anachokijua mwanafunzi, kama korosho au ufuta, tafsiri ya neno moja hutosha. Faida kubwa zaidi ni kulinganisha miundo. Kiambishi *a-* katika *anapika* hakibainishi jinsia, ilhali Kiingereza hulazimisha uchaguzi kati ya *he* na *she*. Kimwera nacho, kikiwa lugha ya Kibantu, hakitofautishi jinsia katika viambishi vya nafsi. Kwa hiyo maelezo yanayotolewa kwa Kiswahili humfaa pia msemaji wa Kimwera.

Inapopotosha. Tafsiri ya neno kwa neno huficha tofauti. Mifano:

- *Kuazima* ni kutoa na pia ni kupokea. Kiingereza hutenga *lend* na *borrow*.
- *Saa moja asubuhi* ni *seven o'clock*, si *one o'clock*.
- *Ana njaa* ni *she is hungry* au *he is hungry*, si *has hunger*.

Hatari kubwa zaidi imo katika swali kanushi. Mwalimu akiuliza *Haven't you understood?*, mwanafunzi anayefuata kanuni ya Kiswahili hujibu *Yes*, akikusudia "Ndiyo, sijaelewa." Katika Kiingereza jibu hilo humaanisha kwamba ameelewa. Mwalimu huendelea na mada inayofuata, na asiyeelewa huachwa nyuma bila yeyote kutambua.

Pendekezo. Mwalimu aepuke swali kanushi anapopima uelewa. Amtake mwanafunzi aeleze hoja kwa Kiswahili, au kwa Kimwera iwapo wote wawili wanakielewa, kisha aijenge upya kwa Kiingereza. Hatua ya pili isiachwe, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne, isipokuwa katika masomo machache, huandikwa kwa Kiingereza. Anayetafsiriwa kila sentensi hujifunza kusubiri tafsiri.

Tanbihi ya matumizi. *Tafsiri* huhusu maandishi. Uhawilishaji wa papo kwa papo kwa mdomo ni *ukalimani*, ingawa darasani vyote viwili huitwa tafsiri. *Lugha mama* hutumika pia kwa lugha ambayo lugha nyingine zimetokana nayo. Katika maandishi ya kitaaluma, *lugha ya kwanza* huondoa utata huo.