Rangi Isiyoacha Alama ya Mkono

Ukitazama ndege ndogo ya plastiki iliyopakwa rangi na fundi hodari, huoni mchirizi hata mmoja wa brashi. Siri yake ina historia ya zaidi ya karne moja, na ndani ya historia hiyo mna onyo.

Mwaka 1876 Mmarekani Francis Edgar Stanley alipata hataza ya chombo cha kupulizia rangi kwenye picha. Ndiye yule ambaye baadaye, pamoja na ndugu yake pacha, aliunda magari ya mvuke yaliyobeba jina lao. Katika miaka ya 1890 Charles Burdick, naye Mmarekani, akatengeneza chombo mfano wa kalamu, hewa na rangi vikikutana ndani yake. Hiyo ndiyo brashi ya hewa.

Sifa yake kuu ni kwamba haigusi inachokipaka. Watawala nao waliitumia sifa hiyo. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Muungano wa Kisovieti, alipigwa picha akiwa na Stalin kando ya mfereji. Baada ya kuuawa mwaka 1940, alifutwa pichani pia. Aliposimama pakabaki maji matupu. Kazi za namna hiyo zilifanywa kwa wembe, gundi na brashi ya hewa.

Kwa waunda ndege na meli ndogo, taabu ilikuwa rangi yenyewe. Rangi za mafuta huzimuliwa kwa tina au spiriti, ambazo mvuke wake huumiza kichwa na hushika moto upesi. Mwaka 1953 kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani ilitoa akriliki ya kuchanganywa na maji kwa ajili ya rangi za nyumba. Kutoka ukutani ikafika kwa wachoraji, kisha kwenye meza za waunda mifano. Fundi huizimua hadi iwe nyepesi kama maziwa, hupuliza tabaka jembamba, husubiri likauke, hurudia.

Sasa onyo lenyewe. Kwa kuwa akriliki hainuki sana, wengi hudhani haina madhara. Lakini matone yake madogo huelea hewani na kuingia kifuani, na baadhi ya rangi nyekundu na njano zina kadmiamu, ambayo ni sumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Vijana wanaopuliza rangi magari katika gereji zetu wako hatarini zaidi. Dawa ya kukazia rangi nyingi za magari ina aisosianeti, ambayo huleta pumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wake. Mwenye gereji anayenunua kompresa lakini akaona kifuniko cha pua chenye kichujio ni ghali, anaokoa fedha kwa pumzi za wenzake.

Chombo hiki kiliweza kumfuta mtu pichani pasipo alama. Tusikiache kimfute fundi wetu vivyo hivyo, kimya kimya.