Katizo na Mwitikio: Kanuni Iseme Lini

Januari 2014, Bunge la Kaunti ya Embu lilipiga kura ya kumwondoa Gavana Martin Wambora ilhali Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kutoa amri ya kuisimamisha hoja hiyo. Februari 14 Seneti ikaidhinisha kura ile. Kufikia Aprili, Mahakama Kuu ikabatilisha hatua zote mbili kwa kuwa zilichukuliwa huku amri ingali na nguvu. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Meru. Agosti 2024 Seneti iliafiki kuondolewa kwa Gavana Kawira Mwangaza, mahakama ikasimamisha utekelezaji, naye akabaki ofisini hadi Machi 2025, pale Mahakama Kuu ilipokubaliana na Seneti na naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa. Mbali na siasa zake, mikasa hii miwili inaonyesha aina mbili za kuingilia kati. Amri ya Embu ilitangulia tendo, ikataka lisitendeke kabisa. Amri ya Meru ililikuta tendo limekwisha, ikazuia matokeo yake tu. Tofauti hiyo, ambayo mawakili huilipisha ghali, ndiyo iliyowasumbua kwa miaka mingi watunzi wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, na ndiyo inayopaswa kuongoza uteuzi wa istilahi zetu za Kiswahili kwa michezo hiyo.

Katika michezo hiyo, ambayo mama yao ni Dungeons & Dragons iliyochapishwa Marekani mwaka 1974, wachezaji hucheza kwa zamu. Lakini kuna matendo ambayo mchezaji hupewa nje ya zamu yake: adui ameinua upanga, nawe una haki ya kujikinga saa hiyo hiyo. Toleo la nne la mchezo huo, la mwaka 2008, lilitenga matendo hayo katika makundi mawili yenye majina tofauti. Kundi moja hutekelezwa kabla kichocheo chake hakijakamilika, na linaweza kukifanya kisiwezekane tena. Kundi la pili husubiri kichocheo kiishe ndipo lifuate. Toleo la tano, la mwaka 2014, likayaunganisha yote chini ya jina moja, kila mchezaji akaruhusiwa tendo moja la namna hiyo hadi zamu yake ijayo. Sasa kila tendo likalazimika kujieleza lenyewe. Tazama uchawi wa Ngao: kanuni inasema unautumia pale unapopatwa na shambulio, kisha inaongeza kwamba kinga hiyo inahesabika hata dhidi ya shambulio lile lile lililokuchochea. Futa nyongeza hiyo, na mezani patazuka mabishano yasiyokwisha, kwa sababu aliyekwisha kupatwa anajikingaje?

Mfasiri akikimbilia kamusi ataponzwa upesi. Kwa neno la Kiingereza linalotumiwa na toleo la tano atakutana na mmenyuko, neno zuri kabisa kwa mwalimu wa kemia anayechanganya asidi na chumvi, lakini shujaa hamenyuki. Mwitikio linafaa zaidi: kuitika ni kujibu jambo lililokwisha kusemwa au kutendeka, kwa hiyo wazo la kufuata limo ndani ya neno lenyewe. Kwa kundi linalotangulia, wataalamu wa kompyuta wamekwisha kutupa katizo, na kitenzi kukatiza kinajulikana na kila mtu aliyewahi kukatizwa akizungumza. Unachokikatiza ni lazima kiwe bado kinaendelea. Basi napendekeza katizo kwa tendo linaloingia kabla kichocheo hakijatimia na linaloweza kukibadilisha au kukifuta, na mwitikio kwa tendo linaloanza kichocheo kikishatimia, lisiloweza kukirudisha nyuma.

Lakini nomino hizi mbili ni nusu tu ya kazi, na pengine nusu iliyo nyepesi. Uzito uko kwenye kitenzi. Tuseme mtunzi anaandika mchezo wa walinzi wa mashamba ya miraa huko Maua, usiku, wezi wakinyemelea uzio. Anaandika: “Mwizi anapopita langoni, mlinzi anaweza kumzuia.” Sentensi ni fasaha, na ni mtego. Kiungo -po- kinataja wakati bila kusema tendo limefika wapi. Je, mwizi yuko nje, yuko katikati ya lango, au ameshaingia na mkono wake uko kwenye tawi? Mlinzi akifaulu, mwizi anarudi nje au anakamatwa ndani? Na kama mwizi alikuwa na hatua nne za kutembea, je, zile zilizobaki zimepotea? Kiungo -ki- hakitusaidii sana, kwa kuwa “akipita” hubeba sharti na wakati kwa pamoja. Bahati nzuri Kiswahili kina zana kali zaidi. “Kabla hajapita” inatuhakikishia kwamba tendo bado. “Akishapita” inatuhakikishia kwamba limekwisha. Basi kanuni iandikwe: “Katizo. Mwizi akitangaza kwamba anapita langoni, na kabla hajavuka, rusha dadu. Ukipata nne au zaidi, havuki, na hatua zake zilizobaki zinapotea.” Au, ikiwa mtunzi anataka kinyume chake: “Mwitikio. Mwizi akishavuka lango, sogea hatua moja kumwelekea.” Neno “akitangaza” limewekwa kwa makusudi. Linaweka alama mezani, mahali ambapo kila mtu husikia, badala ya ndani ya kichwa cha mchezaji.

Kuna hoja nzito dhidi ya haya yote. Ikiwa waliobuni majina mawili mwaka 2008 waliyaacha mwaka 2014, tuna sababu gani ya kuyafufua? Tena mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, uliotoka mwaka 1993, ulikuwa na aina ya kadi za kukatiza ambayo ilifutwa katika kanuni za mwaka 1999. Nakubali ushahidi huo, ila nausoma kwa namna tofauti. Kilichowachosha wachezaji ni kulazimika kukumbuka fasili iliyofichwa kurasa nyingi nyuma, wakati majina yenyewe hayakuwaonyesha tofauti waziwazi. Jina linalojifafanua, likifuatwa na kitenzi kinachothibitisha wakati wake, haliombi kukumbukwa. Hata wakati wa jina moja, wahariri wa toleo la tano walilazimika kuandika kwamba pigo la kumvizia adui anayekimbia hutokea kabla tu hajatoka kwenye umbali wa kufikiwa. Tofauti haikufa, ilihamia kwenye sentensi.

Wengine watasema kwamba vijana wa Chuka au Embu mjini watachanganya Kiingereza na Sheng vyovyote tutakavyoandika. Na wafanye hivyo. Maneno ya mezani ni ya wenye meza. Maandishi huhitajika pale wanapokosana, kama wachezaji wa karata wa Kenya wanavyokosana juu ya “niko kadi”. Kila mtu anajua kwamba lazima useme kabla ya kumaliza, lakini ukisema baada ya kuweka karata na kabla ya jirani kucheza yake, umewahi au umechelewa? Vivyo hivyo karata ya mbili, inayokuadhibu kwa kuokota karata, ikiwekwa nawe una ree: ree inaizuia adhabu kabla hujaokota, haikurudishii karata ulizokwisha kuokota. Mchezo huo unasambazwa kwa mdomo, na kila kijiwe kina hukumu yake. Mtunzi anayeuza kitabu hana nafasi ya kukaa kila kijiweni.

Hoja iliyo ngumu kuliko zote ni ya mlolongo: katizo likikatizwa, lipi linatangulia? Magic ilijibu kwa kurundika matendo, la mwisho kuingia likawa la kwanza kutekelezwa, na mfumo huo unafaa ila unahitaji umakini wa mhasibu. Kwa meza ya watu watano wanaosimuliana hadithi, naona utaratibu wa mabunge yetu unafaa zaidi. Anayesimama kwa hoja ya nidhamu hahitaji ruhusa ya mzungumzaji. Mzungumzaji huketi, Spika huamua, kisha mazungumzo huendelea pale yalipokatika. Anayetaka kutoa taarifa, kwa upande wake, husubiri mzungumzaji akubali kuarifiwa. Kwa maneno mengine, mabunge yameshatambua kwamba katizo ni la namna mbili, lile la lazima na lile la hiari ya anayekatizwa, na kwamba katikati yao panahitajika mtu mmoja wa kuamua kabla jingine halijapokewa. Katika mchezo wetu wa Maua, Spika ni msimamizi wa mchezo, na kanuni inayokosekana ni fupi: “Katizo likishatangazwa, hakuna katizo jingine hadi msimamizi aseme matokeo yake.”