Uchaguzi wa risasi za kuwindia swala

Uchaguzi wa risasi za kuwindia swala ni kazi ya kulinganisha ukubwa, kasi na muundo wa risasi ya bunduki na aina ya mnyama anayewindwa, umbali wa kupiga, na uwezo wa mwindaji mwenyewe. Shabaha yake ni mnyama kufa upesi na karibu na pale alipopigwa. Mnyama aliyejeruhiwa akatoroka huteseka kwa saa au siku nyingi, nyama yake huharibika porini, na akiwa ni nyati anaweza kumshambulia mtu mwingine asiyejua habari.

Katika Tanzania suala hili linahusu hasa maeneo yenye misitu ya miombo, kama vile kusini-mashariki mwa nchi: wilaya za Liwale, Nachingwea na Ruangwa (pamoja na Malolo) katika mkoa wa Lindi. Upande wa magharibi maeneo haya yanaelekea Pori la Akiba la Selous.

Wanyama

Vitabu vingi vya uwindaji vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo vinazungumzia wanyama wa familia ya Cervidae, ambao dume wao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Wanyama hao hawapo kwa asili Afrika kusini kwa Sahara. Jina "kulungu" hutumika kwa wanyama hao katika tafsiri nyingi, lakini wanaowindwa Afrika Mashariki ni jamii ya swala, ambao ni wa familia ya ng'ombe na mbuzi (Bovidae), na pembe zao hazianguki.

Tofauti hii ina maana kwa mwindaji. Swala wa miombo wanapishana mno kwa uzito:
- Funo: takriban kilo 12 hadi 15
- Pongo (au mbawala): kilo 30 hadi 80
- Swala pala: kilo 40 hadi 75
- Kongoni wa kusini (konzi): kilo 125 hadi 200
- Palahala dume: takriban kilo 230
- Pofu dume: kilo 500 hadi 900

Kwa sababu hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mnyama mmoja wa Ulaya hautoshi. Risasi inayomfaa pongo ni ndogo mno kwa pofu, na ile ya pofu humharibu funo kiasi cha kutobakiza nyama.

Sehemu za risasi

Neno "risasi" katika Kiswahili lina maana tatu: madini mazito ya kijivu, kipande kinachoruka kutoka kwenye mtutu, na pia kitu kizima kinachopakiwa kwenye bunduki. Kitu hicho kizima kina sehemu nne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani yake, na kichwa kilichobanwa mdomoni mwa ganda. Kichwa ndicho kinachomfikia mnyama.

Majina ya risasi hayafuati kanuni moja. Katika jina 7×57 Mauser, namba 7 ni kipenyo na 57 ni urefu wa ganda, vyote kwa milimita. Katika jina .30-06 Springfield, namba .30 ni kipenyo kwa inchi na 06 ni mwaka 1906 ilipopokewa na jeshi la Marekani. Herufi na majina yanayofuata namba ni muhimu: risasi mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kuwa na maganda tofauti kabisa, na kupakia risasi isiyo ya bunduki hiyo kunaweza kupasua bunduki na kumjeruhi mpigaji.

Uzito, kasi na nishati

Nishati ya kichwa cha risasi hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito wake (kwa kilogramu) na kasi yake (kwa mita kwa sekunde) iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu huwa ni kwa juli. Kwa mfano, kichwa cha gramu 11.7 chenye kasi ya mita 820 kwa sekunde kina nishati ya juli 3,900 hivi.

Vipimo vya baadhi ya risasi zinazojulikana, vikichukuliwa kwenye mdomo wa mtutu, ni takriban hivi:
- .243 Winchester (1955): gramu 6.5, mita 900 kwa sekunde, juli 2,600
- 7×57 Mauser (miaka ya 1890): gramu 9, mita 810 kwa sekunde, juli 2,950
- .30-06 Springfield (1906): gramu 11.7, mita 820 kwa sekunde, juli 3,900
- .375 Holland & Holland Magnum (1912): gramu 19.4, mita 770 kwa sekunde, juli 5,750

Kwa swala wadogo na wa kati, mbili za kwanza zinatosha. .30-06, na .308 Winchester (1952) inayokaribiana nayo, zinafaa kuanzia swala pala hadi palahala. .375 inafaa kwa pofu na kwa wanyama wa hatari.

Hata hivyo nishati peke yake haiui. Mnyama hufa upesi risasi inapopasua mapafu au moyo, yaani sehemu ya chini ya kifua nyuma kidogo ya bega. Risasi kubwa iliyopiga tumboni humwacha mnyama akimbie mbali, ilhali ndogo iliyopita mapafuni humwangusha baada ya hatua chache.

Muundo wa kichwa

Vichwa vinavyopanuka vina ncha laini au yenye tundu. Vikigusa mwili hufunguka kama ua na kuacha jeraha pana. Hivi ndivyo vinavyofaa kwa swala. Vichwa vigumu havifunguki, bali hupenya moja kwa moja. Vinatumika kwa tembo na nyati, wenye ngozi na mifupa minene. Kichwa kigumu kikimpita swala mdogo kinaweza kuacha tundu jembamba tu, kisha kikaendelea na safari na kumfikia mnyama au mtu aliye nyuma yake.

Kichwa chepesi chenye kasi kubwa kinachopiga kwa karibu huweza kuvunjika vipande na kuharibu nyama nyingi. Katika miombo, ambako majani na miti huzuia macho, umbali wa kupiga mara nyingi ni chini ya mita 100. Kwa hiyo kichwa kizito chenye kasi ya wastani huwa na faida. Wengine huamini kwamba kichwa kizito hupita vichakani bila kupotoka. Hilo si kweli: kila risasi ikigonga kijiti huweza kubadili njia, na dawa yake ni kungoja nafasi iliyo wazi.

Vipande vya madini ya risasi vinavyobaki kwenye nyama au matumbo yaliyotupwa huwadhuru pia walao, hasa tumbusi. Kwa sababu hiyo vichwa vilivyotengenezwa kwa shaba tupu vimeenea katika nchi kadhaa.

Uwezo wa mwindaji

Kadiri risasi inavyokuwa na nguvu, ndivyo bunduki inavyompiga mwindaji begani. Anayeogopa pigo hilo hufumba macho au huvuta kwa ghafla, na shabaha huharibika.

Mfano mmoja ni wa Mwingereza Frederick Courteney Selous, ambaye pori la Selous lilipewa jina lake baada ya kuuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Katika miaka ya 1870, huko kusini mwa Afrika, aliwinda tembo kwa magobori yaliyotupa tufe la takriban gramu 110. Baadaye aliandika kwamba bunduki hizo zilimpiga vibaya hata zikamwondolea utulivu na kuharibu ulengaji wake kwa muda mrefu, na alijuta kuzitumia.

Kinyume chake, Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua mamia ya tembo kwa risasi ndogo kama 7×57 yenye kichwa kigumu. Alijua vizuri mahali pa ubongo na moyo wa tembo. Mfano wake haupaswi kuigwa, kwa kuwa wengi waliojaribu bila ujuzi wake walijeruhi wanyama tu, na sheria za leo hazikubali.

Gobori na bunduki ya marisau

Gobori, bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, ilienea Afrika Mashariki katika karne ya 19 na ilitumika pia katika Vita vya Maji Maji (1905-1907). Tufe lake hupoteza kasi mapema, na kulishindilia tena huchukua muda, hivyo mnyama aliyejeruhiwa hupata nafasi ya kutoroka. Marisau ni vijitufe vingi vidogo vinavyofaa kwa ndege kama kanga na kwale. Kwa swala mkubwa huingia ngozini tu bila kufika mapafuni.

Sheria nchini Tanzania

Uwindaji unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwindaji anahitaji leseni ya mnyama husika pamoja na kibali cha silaha. Kwa wanyama wa hatari kama tembo na nyati, kipenyo cha risasi hakitakiwi kupungua .375, yaani milimita 9.5. Sumu, mitego ya nyaya na silaha zinazojipiga mfululizo haziruhusiwi.

Mnyama wa hatari aliyejeruhiwa hapaswi kuachwa. Asipopatikana, askari wa wanyamapori na vijiji vya jirani hujulishwa mara moja, kabla watu hawajaenda mashambani au kisimani.