Msitu wa Andermatt

Wengi wetu twaijua theluji kwa kuitazama mbali tu, ikimetameta asubuhi juu ya kilele cha Kibo, nayo huonekana kitu kitulivu kabisa. Wenyeji wa milima ya Alpi katika nchi ya Uswisi waijua kwa namna nyingine. Huko, wakati wa baridi, theluji iliyolala mlimani huweza kuachana na mteremko ghafula, ikashuka bondeni kwa kishindo na kuzoa miti, nyumba na watu. Jambo hilo twaliita poromoko la theluji. Leo nataka kuwasimulia jinsi watu wa huko walivyojifunza kujikinga nalo, maana somo hilo liliwachukua miaka 600, tena lilinunuliwa kwa maisha ya watu.

Katika bonde la Urseren kuna kijiji kiitwacho Andermatt, na juu yake pana msitu mdogo. Mwaka 1397 watu wa bonde lile waliandika sheria ya kwamba mtu awaye yote asikate mti katika msitu ule, wala asitoe humo hata matawi. Fikirini uzito wa sheria hiyo. Baridi ya huko ni ndefu, na kuni zilikuwa adimu. Mama mwenye watoto wanaotetemeka aliuona msitu kila siku, naye hakuruhusiwa kuugusa. Lakini walijua kwamba mashina yale ndiyo yaliyoishika theluji isianze kuteleza.

Hata hivyo, msitu hulinda mahali ulipo tu. Kwa hiyo tangu mwaka 1936 wataalamu walifanya kazi mlimani juu ya mji wa Davos, wakichimba mashimo katika theluji na kupima tabaka zake. Waliona ya kuwa theluji ni kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Mkeka wa chini ukiwa wa punje kubwa zisizoshikana, mfano wa chumvi ya mawe, ule wa juu hukosa pa kushika. Na mteremko ukizidi nyuzi 30, uzito wa mtu mmoja huweza kutosha kuuangusha.

Elimu hiyo ilikuwa bado changa yalipofika majira ya baridi ya 1950 na 1951. Mwezi wa Januari theluji nyingi mno ilianguka kwa siku chache. Andermatt penyewe walikufa watu 13, na katika Uswisi yote, majira yale, watu 98. Waswisi hawakuishia kulia. Walichora ramani za mahali pasipofaa kujengwa, wakasimamisha vizuizi vya chuma milimani, wakapanda miti upya. Februari 1999 theluji ikaja tena kwa wingi, na mabonde yalikuwa na watu wengi kuliko zamani. Waliokufa walikuwa 17.

Je, hatari imekwisha? Hasha. Siku hizi wengi wafao si wale wakaao majumbani, bali ni wale waendao milimani kwa hiari yao, wakiteleza kwa mbao miguuni. Na mara nyingi poromoko linalowaua wameliangusha wao wenyewe. Katika majira hayo hutangazwa kila siku daraja ya hatari, toka 1 hata 5. Ikiwa ni ya 4 au ya 5, watu huogopa wakakaa nyumbani. Wengi hufa siku ya daraja ya 3, kwa kuwa jua lawaka, theluji yapendeza, na rafiki amekwisha kutangulia. Aliyefunikwa, akifukuliwa katika dakika 10, aghalabu huwa hai. Zikipita hizo, tumaini hupungua upesi.

Wazee wa Andermatt walijinyima kuni ili wajukuu wao walale salama. Sheria yao ilimkinga aliyelala nyumbani, apandaye mlima hana mlinzi ila busara yake, na ujasiri wa kuwaambia wenzake, "Leo turudi." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.