Kwihara katika Njia ya Misafara

Mtu aondokaye Tabora mjini kuelekea kusini-magharibi, kwa mwendo wa saa moja unusu hivi, hufika Kwihara, kijiji kidogo chenye miembe na tembe moja ya udongo iliyo mashuhuri. Tembe hiyo yaitwa nyumba ya Livingstone. Walakini nyumba ya asili ilikwisha kubomoka, na hii ya sasa ilijengwa mwaka 1957. Wala ile ya kwanza haikuwa ya Livingstone, bali ya Waarabu wafanya biashara waliokaa katika nchi ya watemi wa Unyanyembe.

Hapo njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa pwani walilipwa wakaondoka, na mwenye mali akakaa na merikani yake, kaniki na shanga, akitafuta wengine. Kungoja ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya mgeni wa Kwihara. Stanley alingoja mwaka 1871, Mirambo alipofunga njia ya Ujiji. Na Livingstone, aliyeletwa naye Februari 1872, alingoja wapagazi wa kutoka pwani hadi Agosti.

Jambo kubwa kupita yote lakini lilitukia Oktoba 1873, naye Livingstone amekwisha kufa. Susi wa Shupanga na Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani, walifika na wenzao wakichukua maiti yake, baada ya safari ya miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Katika nyumba ile ile walimkuta Cameron, afisa wa jeshi la maji la Kiingereza. Cameron akashauri maiti izikwe hapo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari. Shauri lenyewe halikuwa baya. Nao walikuwa wamechoka, na mkubwa wao aliyewaajiri hayuko tena duniani wa kuwaamrisha. Wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya marehemu vya kupimia, wasipendezwe nalo, maiti hawakuiacha.

Huko mbele, Kasekera, watu wakazuia maiti isipite. Basi wakafanya mzigo wa uongo, wakautuma kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuuzika. Maiti yenyewe wakaifunga mfano wa mtumba wa nguo, ikapita katikati ya mizigo mingine. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mzungu mwenye cheo alitoa shauri, na wapagazi wakaamua kinyume chake: tendo hilo lingalitosha kuipa nyumba ya Kwihara jina la Chuma na Susi, kwani Livingstone alipanga tu.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912. Mizigo ikapanda gari la moshi, na Kwihara, isiyopitiwa tena na misafara, ikarudia kilimo chake.