Kirejeshi na Maneno ya Udugu: Historia Fupi ya Zoezi Moja la Kiingereza

Katika ufundishaji wa Kiingereza kwa wageni kuna zoezi ambalo limezoeleka sana. Mwanafunzi hupewa neno la udugu, naye hutakiwa alifafanue kwa kishazi kinachoanza na "who", "whom" au "whose": mjane ni mwanamke ambaye mumewe amefariki, yatima ni mtoto ambaye wazazi wake wamekufa, na kadhalika. Kwa kuwa kila mtu ana jamaa, hudhaniwa kwamba maneno yenyewe ni mepesi, na kwamba kazi iliyobaki ni ya sarufi tu. Dhana hiyo haina msingi. Zoezi hili linaunganisha sehemu mbili za Kiingereza ambazo kila moja imepitia misukosuko mingi, na kwa mzungumzaji wa Kiswahili ndipo hasa lugha hizi mbili zinapoachana njia.

Tuanze na maneno ya udugu. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilitofautisha upande wa baba na upande wa mama kama Kiswahili kifanyavyo. Mjomba aliitwa "eam", na ndugu wa kiume wa baba akaitwa "fædera". Mama mdogo au mama mkubwa alikuwa "modrige", na shangazi "faðu". Maneno haya yote yalisukumwa kando na mawili yaliyotoka Kifaransa, "uncle" na "aunt", ambayo yanaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 13. Jambo la kushangaza ni asili yake katika Kilatini. "Uncle" linatokana na "avunculus", ambaye alikuwa mjomba peke yake. "Aunt" linatokana na "amita", ambaye alikuwa shangazi peke yake. Kwa maneno mengine, Mwingereza wa leo humwita ami yake kwa jina la mjomba, na mama yake mdogo kwa jina la shangazi, wala hajui. Hata neno "in-law", ambalo humsumbua kila mwanafunzi, lina historia yake: sheria inayotajwa humo ni sheria ya Kanisa, iliyoorodhesha jamaa ambao mtu hakuruhusiwa kuoana nao baada ya kuingia katika ukoo kwa ndoa. Kiswahili hakikuhitaji sheria hiyo ili kumtenga wifi na shemeji, wala kumpa mwanyumba jina lake mwenyewe.

Virejeshi navyo havikutulia. Kiingereza cha kale kilitumia kijineno kisichobadilika, "þe", na vionyeshi. Baadaye "that" likashika nafasi kubwa. "Which", "whom" na "whose" yalihamia katika kazi hii kutoka kwenye maswali, na "who" likachelewa zaidi, kwani lilianza kuenea kama kirejeshi cha mtenda katika karne ya 15. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado hutumia "which" kwa watu, na hata kwa Mungu katika Sala ya Bwana. Kosa ambalo mwalimu wa leo hulipigia mstari mwekundu lilikuwa Kiingereza safi cha maaskofu.

Wamisionari walipoanza kuandika sarufi za Kiswahili, Krapf mwaka 1850 na Steere mwaka 1870, walikutana na kirejeshi cha aina nyingine kabisa. Hakikuwa neno la kujitegemea bali kiungo kilichojichomeka ndani ya kitenzi: aliyekuja, atakayekuja, asomaye. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikieleza kwa kukitazama kiungo -o kuwa ni cha urejeo kwa jumla, wala si kiwakilishi cha Kizungu kilichovaa kanzu. Na hapo alikuwa na macho makali kuliko wengi waliomtangulia. Kando yake kuna amba-, lililotokana na kitenzi kuamba, yaani kusema. Amba- ndilo linalookoa pale nyakati zinapokataa kiungo, kama vile -me- na hu-.

Nguvu ya kirejeshi cha Kiswahili ni upatanisho wa ngeli. Katika "kitabu cha mwalimu kilichopotea" hakuna anayeuliza kama kilichopotea ni kitabu au mwalimu. Lakini nguvu hiyo hutoweka papo hapo tunapoingia katika udugu, kwa sababu jamaa wote ni watu na wote huchukua upatanisho mmoja. "Mjomba wa rafiki aliyefika jana" ana utata uleule alio nao mwenzake wa Kiingereza. Zaidi ya hayo, "shangazi aliyemlea Amina" anaweza kuwa shangazi mlezi au shangazi mlelewa, kwani -ye- humrejelea mtenda au mtendwa bila kubagua. Kiingereza hutatua kwa mpangilio wa maneno, na "whom" ikiongezwa. Kiswahili nacho kikitumia amba- hupata nafasi ya mpangilio: "shangazi ambaye Amina alimlea" haina shaka. Wanaolishutumu amba- kuwa ni uzito wa waandishi wa ofisini wangefaa kuutazama mfano huo kwa makini.

Kuhusu "whose" Kiswahili hakina neno lake. Hutumia amba- pamoja na kimilikishi kilichoganda kwenye jina, na majina yanayokubali kugandwa hivyo kwa wingi ni haya haya ya udugu: mumewe, babaye, mwanawe, nduguze. Mara nyingi zaidi huruka kishazi hicho kwa kunyambua kitenzi. Mjane ni mwanamke aliyefiwa na mumewe. Ni wazi kwamba mwanafunzi mwenye neno "fiwa" kinywani haoni sababu ya kuitafuta "whose", na anapoikosa hakukosa akili.

Nchini Kenya mpango wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza Nairobi mwaka 1957, na Tume ya Ominde ikauunga mkono mwaka 1964. Kiswahili kilisubiri hadi mwaka 1985 kuwa somo la lazima lenye mtihani. Katika muda huo "anko" na "anti" yalienea mijini, yakimeza baba mdogo, mjomba na shangazi kwa pamoja.

Hasara yake huonekana katika sheria. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliwataja wanaomtegemea marehemu: wazazi, wazazi wa kambo, babu na bibi, wajukuu, watoto ambao marehemu aliwachukua kama wake, ndugu, na ndugu wa mzazi mmoja, mradi walikuwa wakitunzwa naye kabla ya kifo chake. Kwa Kiingereza sharti hilo limefungwa kwa "such of" mwanzoni mwa orodha na "as" mwishoni, muundo ambao mazoezi ya darasani huupita, nao huikumbatia orodha nzima. Mfasiri akiandika tu "na ndugu wa mzazi mmoja waliokuwa wakitunzwa na marehemu", msomaji ana haki ya kudhani kwamba sharti linawahusu hao wa mwisho peke yao, na bibi mzaa baba ambaye hakuwahi kutunzwa ataingia mlangoni. Akiandika "ndugu wa kambo", amewachanganya waliochangia mzazi na wasiochangia damu yoyote. Na katika umoja, "mtoto aliyemchukua marehemu" humfanya mtoto kuwa mchukuaji. Sharti iwe "mtoto ambaye marehemu alimchukua". Tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, tafsiri ya namna hii ni kazi ya serikali, na anayesubiri uamuzi juu ya kirejeshi hicho ni mtoto aliyelelewa nyumbani kwa marehemu.